Manati ya Kitisuru

"Hebu rudia! Rudia hapo hapo, ploti yote isikie!"

Awiti alikuwa ameiacha ndoo yake ikifurika chini ya mfereji. Maji yalimlowesha sandali na hata hakuyaona. Kidole chake kilikuwa karibu kugusa pua ya Everlyn, na Everlyn, mwenye karai la nguo kiunoni, hakurudi nyuma hata unyayo mmoja.

"Narudia. Bwanangu hakumfunga bwanako kamba akamburuta Kitisuru. Omollo alienda na miguu yake, akicheka."

"Akarudi na jicho moja!"

"Na mimi ndio nililitoa?"

"Nguzo ilikuwa imeoza, Mama Trizah! Bwanako ni mtu wa shamba. Miaka tisa anakata miti ya watu, anapanda miti ya watu, halafu anatuambia hakujua mti mbovu na mti mzima? Hata huyu wangu wa nasari akiugonga atasikia."

"Ati wa nasari. Basi mngempeleka yeye akawagongee."

Mtu mmoja alicheka ndani ya nyumba namba tatu, kisha akajikohoza. Wanjira, binti wa mwenye ploti, alikuwa ametoka na kikombe cha chai na kiti chake kidogo cha plastiki, kwa sababu kwa Wanjira ugomvi wa mferejini ni kama taarifa ya habari, hausikilizwi ukiwa umesimama. "Wacheni basi, akina mama, wacheni," alisema, kwa ile sauti ya mtu anayeomba aongezewe.

Joash alikuwa mlangoni pake na mswaki mdomoni. Povu lilikuwa limemjaa. Ili aliteme ilibidi apite katikati ya wale wanawake wawili mpaka kwenye mtaro, na kulimeza hakuweza. Akabaki nalo. Alitaka Awiti anyamaze. Alitaka Everlyn anyamaze. Zaidi ya yote, alitaka pasitokee mtu wa kugeuka akamtazama mikono.

"Utapata raha yako," Everlyn alisema hatimaye, na sauti yake ikashuka ghafla, kama redio iliyoishiwa na betri. "Zedekiah hana kazi. Alifutwa kwa simu, hata vifaa vyake akakabidhiwa nje ya geti. Jumamosi tunahama, tunarudi Vihiga. Mfereji nakuachia, Mama Otis. Ulale nao."

Akapita na karai lake. Awiti alibaki amesimama pale, na maji yakaendelea kumwagika. Ilikuwa Alhamisi. Joash alitema povu lake kwenye kona ya mlango, kama mtoto.

*

Wazo la kwenda kupiga kambi lilikuwa la Zedekiah, lakini furaha ilikuwa ya wote watatu. Kila mwaka, wikendi ndefu ya Madaraka ikikaribia, wanaume wa ploti ile ya Riruta walisema safari hii lazima watoke, na kila mwaka waliishia kuketi uani wakisimuliana safari za wengine. Mwaka huu mwajiri aliyemweka Zedekiah kutunza shamba lake la Kitisuru alikuwa nje ya nchi, na kabla ya kusafiri alikuwa amemwambia, lete rafiki zako wawili mpige kambi kule chini mtoni, bora msiwashe moto karibu na ua.

"Camping!" Omollo alishangilia. "Kama wazungu, jameni! Mtu anatoka kwake penye kitanda, anavuka mji mzima, anaenda kulala chini kwenye baridi ya Juni, na hajafukuzwa na mtu!"

Hema waliazima kanisani, na kanisa lina hema la aina moja tu, lile la matanga. Lilikuwa jeupe, kubwa kuliko nyumba zao zote tatu zikiunganishwa, na ubavuni limeandikwa kwa rangi ya zambarau: TUKO PAMOJA KATIKA MAJONZI. Walilisimamisha chini ya miparachichi ya Kitisuru. Askari wa getini alipoteremka kuwajulia hali, akasoma yale maandishi, alivua kofia na kuuliza ni nani amefariki. Walicheka mpaka Omollo akaomba maji.

Siku ya pili asubuhi hakuna aliyekumbuka nani alianza. Maparachichi yalikuwa yameanguka ovyo, yanaoza kwenye nyasi, na ng'ambo ya kijito kulikuwa na ukuta mrefu wa jirani asiyejulikana. Omollo alisema kwao Homa Bay hakuna ndege aliyewahi kumponyoka akiwa na manati. Zedekiah akamwambia ndege wa kwao walikuwa wanene sana, hawakuweza kuruka. Joash akasema, basi tutengeneze manati ya mtu mzima. Dakika kumi baadaye baba za watu walikuwa wamekunja suruali wanachimba mashimo, ndimi nje, kama watoto wa darasa la tatu.

Zedekiah alileta nguzo mbili kutoka kwenye rundo la matawi aliyopogoa mwezi uliopita. Akazigonga, akazinusa, akazisimika na kuzishindilia udongo kwa kisigino. Omollo alikata kipande cha gambuti kuukuu, kikawa ndicho kifuko wa kubebea parachichi. Ili mipira isiteleze kwenye nguzo walitafuta pete mbili za chuma za lango la zamani, kubwa kama bangili, kila ncha ya mpira ikapitishwa kwenye pete yake kabla ya kufungwa nguzoni. Na mipira yenyewe ilikuwa mfukoni mwa Joash, kwa sababu Joash hatembei bila vipande vya tyubu ya pikipiki, kama vile wengine wasivyotembea bila leso.

Ndiyo kazi yake. River Road, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mwaura, Joash ndiye anayefunga mizigo ya kupelekwa mashambani: mabomba, toroli, mabati, madebe ya rangi. Zamani mzigo ukifika Busia au Migori, mpokeaji alikata mipira kwa kisu, na mara nyingine akakata na kilichomo. Joash akaja na fundo lake. Unazungusha, unapitisha chini, unaacha mkia mrefu kama shibiri. Mzigo unaweza kurushwa juu ya basi ukateremshwa mara tano na fundo lisitikisike. Lakini ukishika ule mkia ukauvuta kwa upande, kila kitu kinafunguka mara moja, na mpira unabaki mzima mkononi. Wateja walimpenda kwa hilo. Kwa miaka sita alifunga mafundo arobaini, hamsini kwa siku, huku akipiga gumzo na makuli bila kutazama anachofanya. Mikono yake haikujua fundo lingine.

Kwa hiyo mikono ilifunga manati ya Kitisuru kama inavyofunga toroli ya kwenda Busia.

Parachichi la kwanza lilifika majini. La nne likavuka. La sita lilipasukia kwenye ukuta wa yule jirani kwa kishindo, likaacha doa la kijani kubwa kama sinia, na wote watatu wakalala chini kwenye nyasi wakishikilia mbavu. Joash hakumbuki siku nyingine aliyocheka vile katika Nairobi hii.

La nane, Omollo alitaka livuke na ukuta wenyewe. Alivuta nyuma, akavuta, mpaka akawa karibu kulala chali, mpira wa kushoto umemviringika mkononi. Akafumba jicho la kushoto, akalenga kwa la kulia, jicho lile lile analobandika lenzi akitengeneza simu za watu kwenye meza yake River Road. Joash alikuwa amesimama kwenye nguzo ya kulia. Na mkia wa fundo ulikuwa mkononi mwake. Hakuushika. Ulikuwamo tu, kama unavyokuwamo kazini, pale anapouegemea mzigo akimsikiliza mtu. Nguzo ikatikisika kidogo. Joash akakaza mkono ili isitikisike.

Hakusikia fundo likifunguka. Alisikia pete ikifika.

Omollo alianguka na ule mpira wa kushoto, akaivuta nguzo ya kushoto kwa uzito wake wote, ikakatika. Zedekiah, aliyekuwa ameinama kuchagua parachichi jingine, aligeuka akaona mambo mawili tu: nguzo iliyokatika, na mtu ameshika uso, damu ikimpita kati ya vidole.

"Nguzo yangu," alisema. "Mungu wangu, ni nguzo yangu."

Joash alifungua mdomo. Na hapo ndipo alipogundua kwamba uongo ulikuwa umeshasemwa tayari, na mtu mwingine, kwa moyo safi kabisa. Yeye hakuhitaji kuongeza kitu. Alikunja ule mpira, akautia mfukoni, akaenda kumshika Omollo miguu wambebe.

*

Ijumaa, siku moja baada ya ugomvi wa mferejini, meza ya Omollo River Road ilikuwa bado imefunikwa na nailoni, jiwe juu yake. Watu walisimama na simu zao zilizopasuka, wakauliza, "Yule fundi alienda wapi?" na muuza soksi wa jirani akawaambia, "Ni mgonjwa kidogo." Kidogo. Hospitalini walikuwa wamelitoa lile jicho siku ya nne. Daktari alisema lililobaki ni zima, ashukuru. Omollo alijaribu kubandika lenzi kwenye lile la kushoto, nyumbani, Awiti akiwa amemshikia simu ya kufanyia mazoezi. Skrubu ndogo ilimponyoka mara kumi na moja. Ya kumi na mbili hakuitafuta. Haya yote Joash aliyasikia kupitia ukutani, kwa kuwa kuta za ploti hazina siri.

"Joash, hii umefunga kama mgeni," kuli mmoja alilalamika, akiinua furushi la mabomba. "Mkia uko wapi?"

"Leo hakuna mkia."

"Aaa, buda! Sasa mzee wa Mumias atafungua na meno?"

Joash alifungua akafunga tena, fundo la kawaida, kama lile la viatu. Mikono ilikataa. Ilirudi kwenye lile lingine yenyewe, ikaacha mkia, na mkia ukaning'inia pale mbele yake. Alikwenda nyuma ya mabati akasimama akiangalia ukuta. Mwaura alipompata huko alimuuliza kama anaumwa. Akasema tumbo.

Alikuwa amejiambia atasema Omollo akitoka hospitalini. Omollo akatoka. Akajiambia atasema bandeji ikitolewa. Ikatolewa, ikawekwa ndogo. Sasa ilikuwa kesho Zedekiah apakie vitu vyake na kuondoka akiwa mtu aliyemtoboa rafiki yake jicho kwa uzembe, na huko Vihiga atawaeleza watu hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo anavyoamini. Watoto wake wataamini hivyo. Baada ya kesho hata akisema, atakuwa anasema na nani?

*

Jumamosi karibu saa saba mchana, pikapu iliingia kinyumenyume mpaka katikati ya ua, na kamba za nguo zikainuliwa kwa fito ili ipite. Kitanda kikapanda, kabati likapanda, jiko la mkaa, godoro. Majirani walisaidia kimya kimya, kwa haraka kidogo kuliko ilivyohitajika. Awiti alikuwa ndani kwake, mlango wazi, akisonga ugali na kukaanga omena, na hakutoka.

"Joash!" Zedekiah aliita akiwa juu ya pikapu. Alikuwa amekonda. "Njoo unifungie. Weka lile lako, nikifika navuta tu, nisisumbue watu usiku."

Joash alipanda. Akatoa mipira mfukoni. Akazungusha mguu wa kitanda, akapitisha chini, akaacha mkia. Akautazama.

"Zede."

"Eeh."

"Nguzo haikuwa na shida."

Zedekiah alikuwa anasukuma godoro kwa goti. "Wacha hiyo maneno, ndugu yangu. Ilikatika, uliona."

"Ilikatika baadaye. Omollo alipoanguka nayo. Kitu kilichotoka ni fundo. Nilifunga hili." Akashika mkia, akavuta. Kitanda kikalegea, na mpira ukabaki mzima mkononi mwake. "Mkia ulikuwa kwa mkono wangu."

Zedekiah aliuangalia ule mpira. Chini, dereva aliuliza kama wamemaliza.

"Ulijua lini?"

"Siku hiyo."

"Siku hiyo." Aliketi kwenye godoro. "Mimi nimezirudia zile nguzo kichwani, Joash. Nikiwa nimelala nazigonga. Naamka nazinusa. Nimemwambia mke wangu labda pua yangu imekufa, labda sifai tena kushika panga. Nilipofutwa sikuuliza hata swali. Nilisema ni haki yao. Na wewe ulikuja kunipa pole. Ulileta mkate."

"Zede, nisamehe."

"Usiniambie mimi. Mimi nyumba nimeshakabidhi, kazi imeshaenda. Utanirudishia nini?" Akamnyang'anya ule mpira, akaanza kukifunga kitanda mwenyewe, vibaya, mafundo matatu juu ya mengine. "Kamwambie mwenye jicho."

Kutoka pikapu mpaka mlango wa Omollo ni hatua kumi na mbili. Wanjira alikuwa na kiti chake tayari. Joash alipita mbele yake asimsalimu.

Kabla ya Madaraka hakuwa anabisha katika nyumba ile. Aliingia tu na kuwasogeza watoto kwenye kochi, na Awiti akatoa sahani ya tatu bila kuuliza. Sasa alisimama kwenye kizingiti. Omollo alikuwa ameketi ameegemea ukuta, bandeji nyeupe, jicho lililobaki limeelekea mlangoni kana kwamba lilikuwa huko tangu asubuhi.

"Omollo, ni mimi," Joash alisema. "Si nguzo. Ni fundo langu. Nilikuwa nimeshika mkia."

Mwiko wa Awiti ulisimama kwenye sufuria.

"Najua," Omollo akasema.

Joash hakuelewa.

"Nilikuwa nalenga, Joash. Nilikuwa natazama kando ya ule mpira mpaka mwisho wake. Kitu cha mwisho lile jicho liliona ni mkono wako." Alisema polepole, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimekaa hapa nikisikia hatua zako. Asubuhi zinapita, jioni zinapita. Nasema, leo. Leo ataingia. Zinapita."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione utakaa nayo mpaka lini. Hasira ilikuwa inanisaidia, unajua? Ilikuwa kitu cha kufanya." Alipangusa uso kwa kiganja, akaikwepa bandeji. "Halafu wakamfuta Zedekiah, na mimi nikawa nimechelewa kama wewe. Ningesema aje? Kwamba nilijua na nikanyamaza?"

"Ulijua," Awiti akasema.

Hakuwa akizungumza na Joash. Alikuwa amemgeukia mumewe, mwiko mkononi, mvuke ukimpanda usoni.

"Ulijua, na ukaniacha. Kila asubuhi naenda pale mferejini namvua nguo mama wa watu mbele ya ploti nzima. Narudi hapa nakusimulia. Na wewe unanyamaza, unakunywa chai."

"Awiti..."

"Ulikuwa unakunywa chai."

Omollo akainamisha kichwa. Nje, injini ya pikapu iliwaka, ikakohoa, ikawaka tena. Awiti alizima jiko. Akafunika ugali, akajifuta mikono kwenye leso, akaja mlangoni. Joash alikuwa bado amesimama pale. Alitaka amtazame, hata kwa chuki. Awiti alitazama bega lake, kama mtu anayetazama kabati lililowekwa vibaya.

"Pisha."

Akapisha. Akaegemea ukuta wa nje, kando ya dirisha, ambapo hakuwa njiani mwa mtu.

Awiti alivuka ua. Everlyn alikuwa ameshaketi mbele karibu na dereva, mtoto mdogo mapajani, yule mkubwa amebanwa katikati. Zedekiah alikuwa juu ya mizigo, ameshika mguu wa kitanda. Everlyn aliteremsha kioo nusu.

"Kuna tusi ulisahau?"

Awiti alishika ukingo wa kioo kwa vidole vyote. "Nguzo haikuwa imeoza."

"Nimeambiwa saa hii. Huyo wa juu kaniambia kupitia dirishani." Everlyn alikuwa anatazama mbele, kwenye lango. "Imeoza, haijaoza, mimi ndio huyo naenda. Watoto walishatolewa shule. Sasa nifanye nini na hayo maneno, Mama Otis? Niyapike?"

Wanjira alikuwa ameweka kikombe chini. Dereva alipiga honi, fupi, ya mtu mwenye haraka na barabara ya Naivasha. Juu ya mizigo Zedekiah alikuwa amefumba macho.

"Vihiga mtafika saa ngapi?" Awiti alisema. "Hao watoto hawajala tangu chai. Niliona. Ugali ni wa moto, omena nimeziwekea nyanya nyingi. Waambie wazime gari, Mama Trizah. Teremka. Teremkeni nyote, mwingie mle."